Barua ya Tajiri wa Zamani

Leo tuzungumze habari ya karatasi. Si karatasi ya kodi wala ya kesi, bali ile karatasi ndogo ambayo mtu aliyeacha kazi huibeba aendapo kutafuta kazi nyingine, na ndani yake tajiri wa zamani amesema mtu huyu alikuwa mtumishi wa namna gani. Ninyi mnaokaa Kirumba, Igogo au Nyakato, na ninyi wa ng'ambo kule Sengerema, wengi mnaijua karatasi hiyo, na wengine mnaiogopa. Mtu aliyegombana na msimamizi wake, akaondoka au akaondolewa, hulala usiku akijiuliza: huko niendako wakiuliza habari zangu, yule bwana atasema nini?

Swali hilo si geni. Babu zetu walilala nalo pia. Na kwa kuwa hili ni somo la historia, tutaanza mbali kidogo, kisha taratibu tutarudi mpaka mlangoni pako.

Kisa cha kwanza kilitokea papa hapa petu. Tarehe 3 Agosti, 1858, Mwingereza aitwaye Speke alisimama juu ya kilima karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza leo, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza tangu zamani, wala hawakuwa wakingoja mtu aje kulivumbua. Lakini hayo tuyaache. Mimi nataka umtazame mtu aliyefuatana naye. Jina lake Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akakamatwa utumwani angali mtoto, akauzwa mpaka India. Bwana wake alipokufa akapata uhuru, akarudi pwani, akawa askari wa Sultani wa Unguja. Huko ndiko Burton na Speke walikomkuta mwaka 1857 wakamwandika kazi. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani, na Bombay alikijua kwa kukaa India. Basi Bombay akawa mdomo wake na masikio yake.

Sasa angalia mambo yalivyokwenda. Speke aliporudi kwao aliandika vitabu, na ndani yake alimsifu Bombay kwa uaminifu wake. Hakuna aliyekiita kitabu kile barua ya kazi, lakini ndivyo kilivyokuwa. Mwaka 1871 Stanley alipofika Unguja akijitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone, aliwatafuta kwa makusudi watu waliokuwa na Speke, akamfanya Bombay mkuu wa askari wake. Safari ikaisha, naye Stanley akaandika kitabu chake. Humo Bombay hakusifiwa hata kidogo kama alivyosifiwa na Speke. Alilaumiwa mara nyingi, na kupigwa alipigwa. Tena Stanley ndiye aliyetuandikia kwamba pengo la meno ya mbele ya Bombay lilitokana na ngumi ya Speke. Yule yule bwana wa sifa!

Kitabu cha Stanley kilitoka mwaka 1872. Mwanzoni mwa 1873 Mwingereza mwingine, Cameron, akafika Unguja, na huyo naye akamwandika Bombay kazi ya kuongoza msafara. Walivuka Afrika yote kutoka bahari hii mpaka bahari ya magharibi, wakafika pwani ya Angola mwaka 1875. Cameron naye alipoandika kitabu chake alilalamika: Bombay huyu si yule aliyesimuliwa na Speke. Lakini mwaka uliofuata, 1876, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimwekea Bombay malipo ya uzeeni, nayo yakamsaidia mpaka alipofariki mwaka 1885.

Mtu mmoja, mabwana watatu, maneno matatu mbalimbali. Je, Bombay ndiye aliyebadilika, au mabwana ndio waliotofautiana? Nadhani yote mawili. Alipokuwa na Cameron alikuwa na umri wa miaka kama hamsini, mwili umechoka na subira imepungua. Lakini pia Stanley alikuwa mtu wa haraka na wa fimbo. Neno la mtu wa namna hiyo lapimwa kwa ratili yake. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: lawama za Stanley hazikumfungia Bombay mlango, kwa kuwa hakuwa na shahidi mmoja tu. Alikuwa na Speke, na safari alizozimaliza zilijulikana kwa kila mtu pale Unguja. Lishike, tutalirudia.

Wapagazi wengine, Wanyamwezi na Wasukuma kwa maelfu, hawakuandikwa katika kitabu chochote. Sifa yao ilikwenda kwa mdomo. Mtu aliyetupa mzigo njiani akatoroka alijulikana katika kambi za njiani, na mtu aliyeufikisha mzigo Bagamoyo alijulikana vile vile. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ilikuwa kweli katika ulimwengu ule wa watu waliojuana kwa nyuso. Baadaye, kazi ilipoanza kutolewa dirishani na mtu asiyekujua wewe wala baba yako, methali ile ilipungukiwa nguvu. Mwenye dirisha alitaka karatasi.

Neno cheti lenyewe, wajua, lilitujia kutoka India, ambako barua fupi huitwa chitthi. Waingereza nao walilichukua huko huko, wakaja nalo Afrika pamoja na desturi yake: mtumishi wa nyumbani anapoondoka, bwana humwandikia barua fupi, naye huihifadhi pamoja na nyingine alizopewa, akamwonyeshe bwana mwingine. Mpishi wa zamani alizifunga barua zake katika kitambaa kama mtu afungavyo fedha. Na katika nchi zetu husimuliwa sana habari za mpishi aliyeibeba barua kwa fahari miaka na miaka, asijue kwamba ndani yake yule bwana, kwa Kiingereza cha dhihaka, alikuwa amemwonya kila asomaye. Watu hucheka wakisikia. Mimi sicheki sana. Fikiri mtu ametembea mlango kwa mlango, kila mlango anatoa mwenyewe kwa mkono wake kisu cha kumchoma.

Wakati wa Wadachi hapa Mwanza, na kote Afrika Mashariki ya Kijerumani, karatasi ya kazi ilikuwa ya shuruti zaidi kuliko sifa. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kipande, na kipande kile kilimtaka afanye kazi siku 30 kwa mlowezi katika kila miezi minne. Asiyejaza siku zake alitolewa kwa nguvu akafanye kazi za serikali. La ajabu ni kwamba huko kwao Ujerumani, wakati ule ule, mfanyakazi alikuwa na haki ya kudai cheti chenye kutaja kazi aliyofanya na muda wake, na habari za mwenendo ziliongezwa kama yeye mwenyewe amezitaka. Sheria hiyo haikupanda meli kuja huku.

Waingereza walipoishika Tanganyika, kipande kilibaki kwa namna nyingine. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako Wasukuma wengi walikwenda kwa miguu kutoka Mwanza na Shinyanga, kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku uliyomaliza kazi nyapara au karani aliweka alama. Nafasi 30 zikijaa, unalipwa. Siku ambayo nyapara alisema hukumaliza, ilikuwa siku bure. Wale walioandikwa na mawakala na kupelekwa kwa magari waliitwa manamba, maana kila mmoja alikuwa na namba yake. Kadi ile haikusema habari ya tabia yako. Ilihesabu siku tu. Kwa ubaya wake wote, ilikuwa na nafuu moja: ikiisha, imekwisha, wala haikukufuata kijijini.

Kwa jirani zetu wa Kenya mambo yalikuwa mazito zaidi, na yafaa tuvuke mpaka tukayatazame, kwa sababu huko ndiko neno la tajiri lilikofikia kilele cha nguvu zake. Mwaka 1915 serikali ya Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika wote waliotimiza miaka 16. Vita vilichelewesha, ikaanza kutumika vita vilipokwisha. Kila mmoja alipewa kipande chenye alama za vidole vyake, jina lake, wilaya yake, na nafasi za kuandikia majina ya matajiri, siku ya kuanza kazi, siku ya kuacha, na mshahara. Kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma chenye kamba, nacho kikavaliwa shingoni. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa pana fundisho ambalo watu wengi hulipita. Ubaya wa kipande kile haukuwa lazima katika maneno mabaya. Tajiri hakuhitaji kuandika kwamba wewe ni mwizi au mvivu. Alihitaji kufanya jambo moja tu: kukataa kutia sahihi kwamba umeachwa huru. Bila sahihi hiyo ulihesabiwa bado mtu wake. Tajiri mwingine hakuruhusiwa kukuandika, na ukionekana barabarani wewe ni mtoro, unatafutwa kwa alama za vidole. Na mshahara nao ulikuwa umeandikwa pale. Ukienda kuomba shilingi kumi, bwana mpya anafungua kikopo, anaona ulikuwa ukipata nane, basi anakupa nane. Kipande kilikunyang'anya mdomo wa kujadiliana bei ya jasho lako.

Kwa watumishi wa nyumbani haikutosha. Mwaka 1926 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha wao peke yao, na kila mmoja akawa na kitabu ambamo kila bwana aliandika neno lake juu yake anapoondoka. Zile barua za mpishi zilizofungwa katika kitambaa angaliweza kuzichagua, ya sifa akaionyesha na ya matusi akaipoteza mtoni. Kitabu hakichaguliki. Bibi mmoja aliyeamka na hasira asubuhi moja aliweza kuiharibu kazi ya miaka kumi ya mtu, na mtu huyo hakuwa na ukurasa wa kujibu.

Watu hawakunyamaza. Nairobi alikuwapo Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina ya Serikali. Alipoanza kuhutubia watu juu ya kodi, mishahara na kipande, alipoteza kazi yake. Machi 1922 alikamatwa. Umati ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi kumdai, nao ukapigwa risasi, watu wakafa. Huku upande wa ziwa, Desemba 1921, wazee na walimu walikutana Lundha katika Gem, karibu na Kisumu, katika mkutano uliojulikana kama Piny Owacho, yaani nchi imesema. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo hili: kipande kiondolewe. Walingoja sana. Mwaka 1947 ndipo sheria mpya ilipotungwa ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, na kile kikopo cha shingoni kikaenda zake.

Usidhani kwamba mzigo huu ulikuwa wa Waafrika peke yao. Ufaransa, tangu mwaka 1803, mfanyakazi wa kiwandani alibeba kitabu kidogo, na asiyekuwa nacho alihesabiwa mzururaji. Tajiri alikishika kitabu hicho mpaka deni lake lilipwe. Mwaka 1854 sheria yao ikakataza tajiri kuandika humo neno lolote la kumsifu au la kumlaumu mfanyakazi. Tazama, hata la kumsifu lilikatazwa! Waliotunga sheria walijua ujanja: kama sifa zinaruhusiwa, basi kitabu kisicho na sifa kimekwisha kusema. Mwaka 1890 kitabu chenyewe kikafutwa.

Polepole dunia ikaelekea njia hiyo. Mwaka 1963 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo juu ya kuachishwa kazi. Likasema mfanyakazi anayeondoka apewe, akitaka, cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuacha, na kazi aliyoifanya, na kisiandikwe ndani yake neno lolote la kumdhuru. Mwaka uliofuata, 1964, hapa kwetu ikatungwa sheria ya kulinda ajira, iliyoweka kamati za wafanyakazi na kumzuia tajiri kumfukuza mtu kwa hasira tu. Sheria hiyo ilikaa miaka arobaini. Nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na katika kifungu cha 44 cha sheria hiyo limo neno ambalo kila mtu wa kazi angelijua kama ajuavyo bei ya sangara: ajira inapokwisha, mwajiri sharti ampe mfanyakazi hati ya utumishi. Haikuandikwa kwamba atampa akipenda. Haikuandikwa kwamba atampa kama waliachana kwa wema.

Wenzetu wa Kenya, ambao walikionja kikopo, waliandika jambo hili waziwazi zaidi katika sheria yao ya ajira ya 2007. Hati ya utumishi hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, aina ya kazi na mahali pake, na siku aliyoacha. Mwajiri anayeikataa, au anayetia humo neno analojua ni la uongo, atenda kosa. Kisha sheria ikaongeza kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya tabia wala ya utendaji. Hapo ndipo ulipo mpaka ambao watu wa Lundha waliutafuta: hati ni haki yako, sifa ni hisani ya mtu. Anayevichanganya hivi viwili huenda akaipigia magoti haki yake, au akaidai hisani kwa ukali mpaka aikose.

Hata katika serikali yetu mambo yaligeuka. Zamani mkubwa wa ofisi alijaza kila mwaka taarifa ya siri juu ya karani wake, na karani hakuiona. Ungeweza kukosa cheo miaka sita usijue ni neno gani lililokuzuia. Mwaka 2004 ukaletwa utaratibu wa wazi, mtumishi na mkubwa wake wakakaa mezani pamoja, wakapatana malengo, wakatia sahihi wote wawili. Wapo waliolalamika kwamba fomu zile zilijazwa kwa mazoea tu, na katika miaka ya karibuni umeletwa utaratibu mwingine wa kompyuta. Lakini ile siri ilivunjika.

Haya, sasa tumefika mlangoni pako. Tumchukue kijana mmoja, tusimpe jina. Alifanya kazi miaka minne katika kiwanda cha kuchakata samaki kando ya ziwa, idara ya kukata minofu. Mwaka wa mwisho aligombana na msimamizi juu ya malipo ya saa za ziada. Maneno yakawa makali, akaondoka. Sasa anaomba kazi mgodini Geita, na fomu yataka majina ya wadhamini watatu. Anaiangalia fomu. Jina la kwanza linalomjia ni la yule msimamizi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wake. Afanyeje?

Kwanza asichokifanya. Asiende kwa kijana mwenye mashine ya kuchapa pale stendi akamtengenezea barua ya sifa yenye mhuri wa kuchonga. Kughushi hati ni kosa la jinai, na tena ni ujinga: simu moja kiwandani, na yule aliyekuwa mgomvi tu amekuwa sasa mhalifu. Pili, asiende kwenye usaili kumchamba msimamizi wa zamani. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Anayekusikiliza hakumjui yule msimamizi. Anakujua wewe tu, naye anajifikiria mwenyewe siku utakayomwacha.

Aanze na haki yake. Aende kwa ofisi ya utumishi ya kiwanda, asiende kwa msimamizi, aombe hati ya utumishi kwa barua, na nakala ya barua hiyo abaki nayo yenye mhuri wa kupokelewa. Wengi huomba kwa mdomo dirishani, wanaambiwa njoo kesho, na kesho haifiki. Hati akiipata, ina tarehe na kazi yake. Msimamizi hana nafasi ya hasira zake humo. Akinyimwa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ofisi yake ipo hapa Mwanza. Kama shauri lenyewe ni kwamba alifukuzwa bila haki, siku za kulipeleka ni 30 tu tangu kuachishwa, basi asikae akingoja hasira zipoe. Na hili watu hawalitumii vya kutosha: mkifika mbele ya msuluhishi na mkapatana, mnaweza kuandika katika mapatano yenyewe kwamba mwajiri akiulizwa atasema nini, na nani ndiye atakayejibu. Watu huzungumza fedha tu, wakasahau maneno, kisha fedha zikaisha na maneno yakabaki.

Halafu mashahidi wengine. Mkumbuke Bombay. Kiwandani hakuwamo msimamizi peke yake. Alikuwamo mkaguzi wa ubora aliyeipitisha minofu ile kila siku, karani wa ghala, msimamizi wa zamu aliyehamia kiwanda kingine, kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mtu aliyekuona ukifanya kazi kwa macho yake huwa na neno zito kuliko mkubwa wa mbali mwenye cheo. Lakini amwombe kwanza, asiliandike jina la mtu kabla ya kumwuliza. Na amwulize sawasawa. Asiseme tu, naomba uwe mdhamini wangu. Maana mtu wa kwetu huona haya kukataa, atasema ndiyo, kisha atajibu kwa baridi. Aseme hivi: ndugu yangu, wakikuuliza habari ya kazi yangu, waweza kusema mema kwa moyo mweupe? Akisitasita, amshukuru, aende kwa mwingine.

Na kama fomu yataka lazima mwajiri wa mwisho? Hapo dawa ni kutangulia. Katika usaili, kabla hawajauliza, aseme kwa maneno machache: niliondoka baada ya kutoelewana na msimamizi juu ya hesabu ya saa za ziada, hati yangu ya utumishi hii hapa, watu wawili walioiona kazi yangu kila siku ni hawa. Anyamaze hapo. Asisimulie ugomvi wote mpaka mtu aliyesema nini siku ya Jumanne. Neno baya likifika baada ya hapo linakuta kiti kimekaliwa. Na kama kweli kulikuwa na kosa lake mwenyewe, tuseme alichelewa mara nyingi, alikiri na kueleza kilichobadilika. Msaili huwa amesikia hadithi nyingi za wasimamizi wabaya, na chache sana za watu waliosema, hapo nilikosa.

Kuhusu tajiri anayesema uongo, sheria haikukaa kimya. Uingereza, mwaka 1994, mahakama yao ya juu kabisa iliamua kesi ya Spring, mtu wa bima aliyekosa kazi kwa ajili ya barua mbaya iliyoandikwa bila uangalifu. Majaji walisema anayetoa habari za mfanyakazi wake wa zamani ana wajibu wa kuwa mwangalifu, si kwa yule anayeuliza tu, bali kwa huyo mfanyakazi pia. Hukumu ile si amri kwa mahakama zetu, lakini mawakili wetu huisoma. Na hapa nyumbani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yampa mtu haki ya kujua habari zake zinazohifadhiwa, na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Bombay angeifurahia.

Kalamu ziko tayari? Ninyi mlio katika vikundi vya kusoma, anayejua kuandika amwandikie jirani yake. Andikeni jina la kila mwajiri uliyemtumikia, mwezi na mwaka ulioanza, mwezi na mwaka ulioacha, na kazi uliyofanya. Pembeni andikeni jina la mtu mmoja pale aliyeiona kazi yako, ambaye si mkubwa aliyekuwa na neno nawe, na namba yake ya simu kama unayo. Mwenye barua yake ya ajira na hati zake za mishahara aziweke mahali pamoja, palipo pakavu. Aliyekatwa michango ya NSSF aende ofisini kwao akaombe taarifa ya michango yake. Mwezi kwa mwezi jina la mwajiri limo, na hakuna msimamizi awezaye kulifuta. Palipo na pengo, mwajiri ambaye hukupata hati kwake, wekeni alama. Juma lijalo tutaiandika barua ya kuiomba, mstari kwa mstari.